Milango Miwili ya Bibi Joto

Kati ya mlango wa kwanza na mlango wa pili kuna kichumba kinachomtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Mlango wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ujifunge sawasawa, na huo wa kwanza una komeo lenye kiburi: siku nyingine linashika, siku nyingine linagoma. Likigoma, mtu hubaki humo gizani, pua imegusa mbao, akisukuma kwa kisigino na kutukana kwa sauti ya chini. Mwanamke huyu amesimama humo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na kitu. Akiulizwa anafanya kazi gani, husema anafuga. Akiulizwa anafuga nini, hubadilisha mazungumzo, maana amechoka kuchekwa. Anafuga nzi.

Si wale wa jalalani, tusimwonee. Ni vile vinzi vidogo vyenye macho mekundu, ambavyo ukisahau ndizi mbivu jikoni, kesho yake unavikuta vimeshajialika. Taasisi ya utafiti anakofanya kazi ina maelfu ya nzi hao, wamo kwenye chupa za kioo zilizozibwa kwa pamba, na kila chupa ina uji mzito uliotiwa hamira chini yake. Chumba chake hakina dirisha. Joto lake ni la kukutoa jasho ukiwa umekaa tu, na taa zinajiwasha zenyewe saa sita mchana na kujizima saa nne usiku. Ng'ambo ya korido kuna mlango mwingine kama wake, na kichumba kingine cha giza, na nyuma yake chumba cha baridi. Humo taa zinawaka saa kumi alfajiri na kuzimika saa kumi jioni. Nzi wa huko wanakula ndizi zilizochacha.

Nzi wa vyumba vyote viwili ni ukoo mmoja. Mabibi na mababu zao walitoka kwenye chupa moja, wakagawanywa nusu kwa nusu, hawa huku, wale kule, na tangu siku hiyo hawajaishi pamoja tena.

Anayefuga wale wa chumba cha baridi ni mume wake.

Watu wa taasisi waliwaita Bibi Joto na Bwana Baridi, na majina yao ya kweli yakabaki kwa mhasibu tu. Mlinzi wa lango, ambaye hawezi kuona mtu akipita asimchokoze, alikuwa na maneno yake ya kila adhuhuri. "Shemeji, mzee yuko ndani tayari. Nimpe salamu zako, au utamwandikia?" Mwanzoni Bibi Joto alicheka. Baadaye alitabasamu. Siku hizi humpungia mkono na kupita.

Hakuna aliyemlazimisha kuingia chumba kile cha joto, na hilo ndilo linalomuuma. Walikuwa wameoana juzi tu, hawana mbele wala nyuma, Profesa wa utafiti huo alipotafuta watu wawili waaminifu. Ajira mbili, jengo moja, tena mlango unatazamana na mlango! Walirukaruka kama watoto. Walipoulizwa nani achukue kipi, yeye ndiye aliyewahi kusema, "Mimi nipeni penye joto, baridi siiwezi." Mumewe akacheka, akasema basi yeye atavaa sweta.

Profesa ni mwanamke mpole anayesahau miwani yake kichwani. Aliwaketisha wote wawili akawaeleza kazi yenyewe, na Bibi Joto akaelewa siku hiyo hiyo, maana jambo lenyewe halina uchawi. Ukitenga jamaa wa ukoo mmoja wasizaliane, kila upande unabadilika kivyake, kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Huku anayestahimili joto ndiye anayeacha watoto wengi, kule anayestahimili baridi. Na si miili tu. Dume la nzi hutongoza kwa kutikisa bawa moja, na mtikisiko huo una mlio wake. Basi hata wimbo nao unabadilika. Mpaka siku moja unawarudisha pamoja, na hawatakani tena. Wamekuwa spishi mbili.

"Lakini ukuta wenyewe ni nini?" mumewe aliuliza siku hiyo. "Maana porini hakuna milango."

"Porini huwa mto, au mlima," Profesa alisema. "Lakini hata saa zinatosha. Wa mkeo watatongozana jioni, wa kwako alfajiri. Ukiondoa milango yote, bado hawatakutana. Mmoja anaamka mwenzake amelala."

Wakatazamana, mke na mume, wakacheka. Laiti wangejua wanachokicheka.

Masharti yalikuwa machache. Wa chumba cha joto haingii chumba cha baridi, wala wa baridi haingii cha joto. Mapumziko kwa kupishana, Jumapili za kupumzika kwa kupishana, likizo kwa kupishana, kwa sababu nzi hawana Jumapili. Na nguo zisichanganywe. Yai la nzi ni dogo, Profesa alisema, karibu sawa na chembe ya chumvi. Linaweza kusafiri kwenye upindo wa nguo bila wewe kujua. Nzi mmoja jike akivuka, kazi ya miaka yote imekwenda na maji.

Sasa, Bibi Joto ni mtu akiambiwa jambo analishika kwa mikono miwili. Wiki ile ile alinunua beseni la pili. Nguo zake zikafuliwa kwenye beseni jekundu, za mumewe kwenye la bluu. Akafunga kamba ya pili uani, mbali na ile ya kwanza. Ukutani chumbani akapigilia misumari miwili ya kutundikia nguo, mmoja huku na mmoja kule. Walifanya hivyo kwa kutaniana, na mumewe alikuwa akipita karibu na nguo zake anainua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Halafu siku moja mumewe akamkuta na nzi kwenye kilemba. Mmoja tu, mwekundu wa macho, anapangusa miguu yake kwa raha zake. Bwana Baridi alitoka jasho ambalo hajawahi kulitoa kazini. Jioni ile akakokota godoro la ziada mpaka sebuleni. "Kwa muda tu," alisema, "mpaka tujue tumesalimika."

Muda huo haujaisha.

Na hata bila godoro, wangekutana saa ngapi? Mume aliondoka nyumbani kabla jogoo hajafikiria kuwika, mke akirudi anamkuta ameshalala, mdomo wazi. Walizungumza kwa vyombo. Sufuria iliyofunikwa maana yake kula, kimebaki chako. Kikombe kilichopinduliwa maana yake maji hakuna, usisahau ndoo. Kuna mwaka waliishi vizuri sana kwa vyombo tu, bila ugomvi hata mmoja, na Bibi Joto akashtuka kugundua kwamba ameisahau sauti ya mumewe anapokohoa.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea hakuwa na subira na mambo hayo. Alikaa wiki nzima akimtazama mkwewe tumboni, na siku ya kuondoka akasema, "Mwanangu, nisemeje kwa watu? Hawa wenzenu wote wamepata."

"Mama," Bibi Joto alimjibu, akikunja kanga za mkwewe bila kuinua macho, "mtoto hapatikani kwa kupokezana funguo."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akamshika mkono, na hakuuliza tena. Miaka ya kuuliza nayo ikapita.

Basi huyu mwanamke alikuwa amefungwa, na waliomfunga hawakuwa na ubaya wowote. Hilo lilimnyima hata mtu wa kumkasirikia. Akiwa ndani ya chumba chake, jasho likimtiririka mgongoni, chupa zikivuma pande zote, alikuwa akiweka kiganja ukutani upande wa korido. Ukuta ulikuwa wa moto. Alijua kwamba hatua chache tu kutoka hapo kuna mtu aliyevaa sweta, anafanya kazi ile ile, anabadilisha pamba zile zile, na kwamba alimpenda mtu huyo. Anampenda bado? Alitaka apewe nafasi ya kujua. Hakutaka kingine.

Nafasi ikaja. Profesa aliwaita, mmoja mmoja kama kawaida, akawaambia kwamba wakubwa wamechoka kungoja. Mara mbili huko nyuma nzi waliwahi kuwekwa pamoja, na mara zote mbili walipandana, ingawa kwa shingo upande. Sasa kutakuwa na jaribio la mwisho. "Wakipandana tena, tunafunga," Profesa alisema. "Nyinyi nitawahamishia ghala la mbegu, wote wawili. Kuna madirisha. Mtaingia asubuhi na kutoka jioni kama watu."

"Na wasipopandana?"

"Basi tumefaulu, na kazi itaendelea."

Bibi Joto alitoka ofisini karibu kukimbia. Ghala la mbegu! Kutoka jioni, na mtu wake kando yake, waende nyumbani wakibishana barabarani kama wengine. Tangu siku hiyo akawa anawasemesha nzi wake. Aliwabembeleza, akawaahidi, akawatisha. Na kwa kuwa alijua pia kwamba nzi hawasikii, akaanza kuwaza jambo jingine.

Kila mfugaji ana mrija wake wa mpira wa kunyonyea nzi: unaweka ncha moja mdomoni, nyingine kwenye chupa, unavuta pumzi kidogo, na nzi anaingia kwenye kioo cha katikati. Bibi Joto angeweza kunyonya majike kumi kwa muda wa kupiga chafya. Majike hao wakiingia chumba cha baridi siku chache kabla ya jaribio, wakaingizwa kwenye chupa zitakazopelekwa kwa Profesa kana kwamba ni wa huko, wangepandana na madume wa joto bila shida. Nani angejua?

Aliwanyonya. Akapita kwenye kichumba cha giza, komeo likashika mara ya kwanza bila kiburi, jambo ambalo alilichukua kuwa baraka, akatokea koridoni na kijichupa mkononi. Ilikuwa saa kumi jioni, na mlango wa ng'ambo ukafunguka. Mumewe akatoka, sweta begani.

Walisimama, kila mmoja mbele ya mlango wake.

"Umeshika nini?" mumewe akamuuliza.

Hakuwa na uongo tayari. "Nzi."

"Wa nani?"

"Wangu. Chukua uwaingize kwako. Watakapowekwa kwenye chupa ya Profesa watapandana, na haya yote yatakwisha."

Bwana Baridi alikitazama kijichupa, na akarudi nyuma hatua moja. Alirudi nyuma bila kufikiri, kama mtu aliyeona moto. "Mke wangu, una akili zako kweli? Miaka yote hii tuiharibu leo?"

"Ipi hiyo tunayoiharibu? Mimi nataka kukaa na wewe mezani mchana, bwana. Nataka tule pamoja, chakula kikiwa bado cha moto."

"Tutakula. Kwani nani amekataa?"

"Lini?"

Alijikuna shingo. "Acha jaribio lipite," akasema kwa upole, na upole huo ulimkera kuliko matusi. "Kama wanatakana, watatakana wenyewe. Huwezi kuwalazimisha."

Neno hilo lilimwingia. Ni kweli, alijiambia. Kama wanatakana, watatakana wenyewe. Akarudi ndani, akawamwaga majike wale kwenye chupa yao, na kwa mara ya kwanza akawa na imani. Aliwaamini nzi.

Siku ya jaribio waliitwa wote wawili kwenye chumba cha Profesa, mchana, saa ambayo taa za pande zote mbili zinawaka. Viti viwili viliwekwa kando kwa kando mbele ya chombo kipana cha kioo. Bibi Joto hakukumbuka mara ya mwisho kukaa bega kwa bega na mumewe mchana kweupe. Aliona mvi zake. Alinusa ndizi zilizochacha. Alitaka kusema kitu, akakosa pa kuanzia, na alipoona mumewe naye anafuta magoti ya suruali kwa viganja, akajua wote wawili wamekwama.

Nzi wa joto walikuwa wamepakwa unga mwekundu mgongoni, wa baridi unga wa bluu. Profesa akafungua vizibo.

Kwanza waliruka hovyo. Kisha wekundu wakapanda juu karibu na taa, na bluu wakashuka chini kwenye kivuli. Baada ya muda wakaanza kutafutana, mwekundu na mwekundu, bluu na bluu, na Profesa akawa anaandika haraka haraka. Dume mmoja mwekundu alishuka mpaka kwa jike wa bluu. Alimzunguka, akanyoosha bawa, akalitikisa. Bibi Joto akajikuta ameinama mpaka pua inagusa kioo.

"Mkubali, dada," alinong'ona. "Mkubali tu."

Jike alisimama kidogo, kama anayejaribu kuelewa lugha. Kisha akampiga dume teke, akaenda zake kula.

Jozi moja tu ilipandana siku ile, jike mwekundu na dume la bluu. Bibi Joto aliruka kitini, akamshika mumewe mkono. Mumewe aliuacha mkono wake pale ulipo, hakuuondoa, wala hakuubana. Profesa aliitenga jozi ile kwenye kichupa chake, akasema tusubiri mayai, tuone kama yataanguliwa.

Mayai yalitagwa. Aliyesubiri ni Bibi Joto. Kila mchana alipita kuyaangalia kwa kioo cha kukuzia, meupe, yamejipanga kwenye uji vizuri kabisa. Mayai ya nzi hayachelewi kuanguliwa. Haya yalichelewa. Yakageuka rangi ya udongo, yakanyauka, na hapakuwa na haja ya mtu kumwambia. Alikirudisha kichupa mahali pake, akaenda msalani, akalia huko kama mtu aliyefiwa, bila kujizuia na bila kuona haya.

Profesa aliwaita tena, safari hii pamoja, na uso wake uling'aa. Wamefaulu! Si kwa asilimia zote, wenye ubishi watabisha, lakini ukoo mmoja umekuwa koo mbili mbele ya macho yao. "Na sasa," akasema, "milango tunaing'oa."

Bibi Joto alidhani hakusikia vizuri. "Tunaing'oa?"

"Ya nini tena? Hawachanganyiki. Tutavunja ukuta wa korido, tuwaweke wote chumba kimoja, taa za saa zile zile kwa wote, joto la kawaida. Wakikaa pamoja bila kizuizi na bado kila mmoja akabaki na wake, hakuna atakayetubishia. Na nyinyi mtafanya kazi pamoja, asubuhi mpaka jioni."

Basi amekipata. Kile alichokitaka miaka yote kimewekwa mezani, na anapewa kwa sababu hakina kazi tena. Aligeuka kumtazama mumewe, na mumewe alikuwa anautazama mkono wa kiti.

"Kwa hiyo hata nguo," Bibi Joto akasema kwa furaha aliyoilazimisha, "tutafulia beseni moja sasa."

Profesa akashusha miwani kutoka kichwani. "Beseni lipi?"

"La nyumbani. Tuna mawili. Na kamba mbili. Na..." Hakulitaja godoro.

"Nyumbani?" Profesa aliuliza, na alishangaa kweli, maskini. "Lakini makoti si mnayaacha hapa? Mnapita kwenye milango ile, mnajikung'uta, mnanawa. Sharti la nguo lilikuwa la humu ndani. Ya nyumbani sikuyasema hata siku moja."

Bibi Joto alimsubiri mumewe ashtuke. Alimsubiri apige kofi kwenye paja, aseme ama kweli sisi ni wajinga wawili, wacheke mpaka machozi. Bwana Baridi hakushtuka.

Walitoka mpaka koridoni ndipo Bibi Joto alipomuuliza mumewe. "Ulikuwa unajua."

"Nilimuuliza mara moja. Mwaka ule wa kilemba."

"Akakuambia nini?"

"Akaniambia nyumbani hakuna shida."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia, mke wangu. Kila siku nilikuwa nataka." Alikuwa akisema kweli, na alikuwa karibu kulia. "Ila unarudi nimelala, naamka umelala. Nikasema nitamwambia Jumapili. Halafu..." Alitafuta neno, na alipolipata alilitoa taratibu, kwa aibu. "Halafu nikazoea."

Hakumtukana. Alikuwa na matusi ya kutosha, aliyoyafanyia mazoezi kwenye kile kichumba cha giza miaka yote, lakini hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyezoea. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba alipojichunguza moyoni, akitafuta uchungu wa kuachwa peke yake kitandani usiku wote ule, aliukuta mdogo kuliko alivyotarajia. Kitanda chote kilikuwa chake. Alikuwa akilala katikati.

Fundi seremala alifika wiki iliyofuata. Aling'oa milango minne akaiegemeza ukutani, mafundi wengine wakabomoa ukuta wa korido, vichumba vile vya giza vikabaki alama tu sakafuni. Asubuhi ya kwanza mke na mume walitoka nyumbani pamoja, wakatembea pamoja, mmoja mbele kidogo, mwingine nyuma kidogo. Mume, aliyekuwa macho tangu saa tisa usiku, alipiga miayo njia nzima. Mke, ambaye kwake ile ilikuwa bado usiku, aliyaona mambo kwa jicho moja. Mlinzi wa lango aliwaona wakija akasimama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema. Akasema tu, "Karibuni."

Ndani kulikuwa kweupe. Bibi Joto alitembea mpaka pale palipokuwa na mlango wa kwanza, akapiga hatua moja, akasimama. Alisimama wima, mikono ubavuni, pua mbele, akisubiri nyuma yake komeo lishike.

Mumewe aliyekuwa akimfuata akasimama pia. Alisubiri kidogo. Kisha akamgusa kiwiko kwa ncha ya kidole.

"Pita, mke wangu. Mlango haupo tena."

"Najua," alisema Bibi Joto, na akaendelea kusimama.